Ng'ombe Gani Hao Mnaowadai?

Kuna kipindi cha vichekesho kinachorushwa Jumapili jioni. Sitakitaja, maana sitaki kukiongezea watazamaji, na wengi wenu mnakijua. Juzi mke alipigwa tena. Hilo peke yake si habari. Kwenye kipindi hicho mke hupigwa kama watu wengine wanavyopiga mswaki. Kilichoninyanyua kitini ni yaliyofuata. Mama wa watu kafungasha, kapanda boda mpaka kwao, jicho limevimba, mtoto mgongoni. Baba yake yuko chini ya mwembe na wazee wenzake, mirija imezama kwenye chungu cha pombe ya malwa. Akamtazama binti yake toka juu hadi chini, akauliza: "Wale ng'ombe sita tulishawala. Sasa unataka nirudishe mifupa?"

Kicheko. Kile cha kubandika, cha watu ambao hawapo. Mama mtu akatoka jikoni na mwiko, anamfukuza. Kicheko kingine juu ya kile cha kwanza. Binti akapandishwa boda ileile, nauli ikasemwa atalipa mumewe, kipindi kikaisha.

Ndugu mwandishi wa kipindi, ng'ombe gani hao mnaowadai? Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya nchi hii ya Uganda ilitamka kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba. Kesi ile ilifunguliwa mwaka 2007 na shirika la MIFUMI, kutoka huku kwetu Tororo. Mwaka 2010 walishindwa kwenye Mahakama ya Katiba, wakakata rufaa, wakangoja miaka mitano mingine. Mahari yenyewe haikufutwa, na wapo tuliosikitika. Lakini kuhusu kurudisha, majaji hawakumumunya maneno: kunamshushia mwanamke utu wake, na kunaweza kumfunga kwenye ndoa ya mateso kwa sababu wazazi wake hawana cha kurudisha. Yaani majaji waliitazama picha ileile aliyoiandika bwana huyu, mzee, binti, ng'ombe waliokwisha liwa, wakaona mateso. Yeye akaona kichekesho.

Najua jibu litakalokuja: vijijini bado wanadai. Kweli, wanadai. Nina wajomba ambao ukiwatajia Mahakama ya Juu watakuuliza iko gombolola gani. Sawa, onyesheni wanavyodai. Ila kati ya wazee wote wale waliozunguka chungu, hakupatikana hata mmoja wa kusema, "Mzee, hiyo ilishakwisha"?

Lakini ng'ombe walinichokoza tu. Kinachonikera miaka yote hii ni jinsi mwanaume anavyopotea.

Siku nyingine tamthilia ikifika pale pa kofi, msimtazame mwigizaji, fuateni kamera. Mume anainua mkono. Ngoma inalia. Kamera inaruka kwa mama mkwe aliyekaa kwenye sofa, uso wake unavutwa karibu, unavutwa tena, unavutwa tena, tabasamu limemjaa. Kisha hausigeli mlangoni, sinia ya chai inatetemeka mikononi. Kisha mke, yuko chini kwenye zulia, wigi limekaa upande. Na aliyepiga? Kachukua funguo za gari, katoka. Tunasikia injini tu. Kuanzia hapo hadithi si yake tena. Wiki nzima zinazofuata ni za mama mkwe anayetia vitu kwenye supu, shoga wa mke anayepeleka maneno, kimada wa Ntinda mwenye kucha ndefu, wifi anayeitaka nyumba. Watararuana mpaka kwenye kwanjula, sherehe ya watu ya utambulisho wa ndoa, mishipi ya magauni ya gomesi ifunguke, waalikwa wakimbie na sahani zao. Mume anarudi kipindi cha mwisho kabisa, yuko kwenye kitanda cha hospitali, analia, anasamehewa, wimbo unaanza. Hakuna aliyemuuliza kitu. Mtu angedhani mkono ule aliazimwa na mama yake.

Na msiniambie ni ushamba wa waandishi wetu. Za Kihindi zinazotiwa sauti za Kiingereza, za Kituruki, zile za Wameksiko zinazotafsiriwa kwa Kiluganda, zote zimejaa mama wakwe na marafiki wa kike wenye sumu. Tofauti yake ni kwamba Wahindi wana ngazi za marumaru za kuangukia.

Vibanda vya video ndiyo afadhali usiingie. Ma-VJ wetu, wale wanaotafsiri sinema za kigeni kwa sauti zao, ni mafundi, sikatai, mtu anaibeba sinema nzima kwa koo lake peke yake. Lakini sinema ikiwa na mwanamke aliyenyamaza tu, anatazama dirishani, VJ lazima amjazie: huyu anawaza simu mpya, huyu mumewe amemdekeza, huyu dawa yake kofi. Nilikaa kwenye kibanda kimoja hapa Malaba, kwenye skrini mama anamlilia mtoto wake aliyezama mtoni. VJ akasema analia kwa sababu amenyimwa hela ya saluni. Mabenchi yalitikisika kwa kicheko. Mchina aliyeitengeneza ile sinema hatajua kamwe alichosemeshwa.

Kama mnadhani natia chumvi, nendeni mkakae saluni Jumatatu asubuhi. Mimi nilikwenda kusuka, nikakuta kipindi cha jana yake ndicho kinachojadiliwa.

"Huyo mke naye ana mdomo," akasema aliyekuwa chini ya draya.

"Mdomo si kitu. Mama mkwe wake ndiye mchawi," akajibu msusi, vidole havijasimama.

Nikauliza, "Na mume?"

"Mume afanyeje, dada? Si mama yake ndiye anamjaza maneno."

Wote wakaitikia. Na msusi huyohuyo aliwahi kuja kazini shavu limevimba, akatuambia ameteleza bafuni. Bafu lenye vidole vitano.

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2016 uliwasomea watu sababu tano: mke kuunguza chakula, kubishana na mumewe, kutoka bila kumwambia, kutowajali watoto, kumnyima unyumba. Karibu nusu ya wanawake walikubali kwamba angalau moja kati ya hizo inampa mume haki ya kumpiga mkewe. Wanaume waliokubali walikuwa wachache kuliko wanawake! Niliposoma hapo nilidhani nimechanganya safu. Wapo wanaozipokea namba hizi kwa furaha: mnaona, adui wa mwanamke ni mwanamke mwenzake. Hapana, bwana. Ukiwekwa mbele ya sebule ile kila siku kuanzia saa mbili usiku, kila kofi likitafutiwa mwanamke wa kulaumiwa, aidha aliyelipokea kwa mdomo wake au aliyelichochea kwa fitina zake, mwisho wa siku utajibu nini akija mtu wa takwimu na karatasi yake?

Haya, nikubali kidogo, kwa shingo upande. Televisheni haikuleta vipigo. Ilianza nchini mwaka 1963, na babu yangu alikufa bila kuitazama. Bibi alikuwa na pengo mbele ambalo hakuna mjukuu aliyethubutu kuliulizia. Lakini angalau wakati ule hakukuwa na mtu wa kubandika kicheko.

Na wapo wanaojitahidi. Anne Kansiime ametuchekesha miaka bila kumgeuza mwanamke kuwa gunia la kupigia ngumi. Mwanamke wake hana adabu, hanyamazi, hana haya, na anayejifanya kumdharau ndiye anayeishia kuchekwa. Kumbe inawezekana, na watu wanajaza ukumbi.

Halafu kuna tamthilia zile za wafadhili. Hizo, jamani. Mke amefungwa plasta nyeupe safi kichwani, haina hata doa. Anaingia mama mwenye suti na faili, anatoa Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2010, anaisoma kifungu kwa kifungu, mume anasikiliza kichwa chini, anaomba radhi, nembo zinapita kwenye skrini. Nyumbani kwangu rimoti huchukuliwa kabla nembo ya kwanza haijatokea. Sheria ni nzuri. Mwigizaji wa suti ndiye tatizo: hana jina, hana njaa, hana mume, kazi yake ni kusoma.

Mengine nayapitia tu, maana nikianza hatutalala. Hausigeli akiwa Mkaramojong ni lazima awe hajui friji ni nini. Wanaume waliovaa gomesi na kujaza mito makalioni, bado mnacheka? Na sketi fupi: mwaka 2014, sheria ya kupinga ponografia ilipotiwa saini, wahuni waliwavua nguo wanawake wa sketi fupi barabarani mchana kweupe. Mwaka 2021 mahakama ikavitupa vifungu vikuu vya sheria ile. Utani wa sketi bado unalipa.

Sisi wa Kiswahili tungepaswa kuwa wa kwanza kulishika jambo hili, maana tunaijua ladha yake. Kwenye maigizo ya Kampala akitokea mtu anayesema Kiswahili, basi ni mwanajeshi anayetaka kitu kidogo, au mwizi, au mlinzi wa geti anayesinzia. Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua lugha hii iwe ya lazima shuleni. Kwenye maigizo bado imeshika bunduki. Kwa hiyo tukiambiwa "ni utani tu, mbona mnakuwa wakali," tunajua utani ule unavyomganda mtu mpaka kwenye foleni ya benki.

Nina rafiki anayeshika kamera kwenye tamthilia moja. Nilimpigia usiku uleule wa kipindi, hasira haijashuka, nikamuuliza kwa nini mke wao akipigwa hukimbilia kwa mchungaji, kwa ssenga, yaani shangazi, kwa mganga, lakini polisi hafiki.

"Dada," akaniambia, "nyumba ile tumeikodi kwa siku. Wanawake wawili wakigombana sebuleni ninahitaji sofa na mikrofoni. Ukitaka kituo cha polisi, tafuta kibali cha sare, tafuta kibali cha jengo, halafu akukalie afisa anayetaka kusoma skripti yote."

Nikamwelewa. Robo. Akaniongezea jambo ambalo sikuliomba: mama anayeigiza mama mkwe hawezi tena kununua nyanya sokoni Nakawa bila kutukanwa, kuna muuzaji aliyekataa kabisa kumuuzia. Kijana anayeigiza mume, yule mwenye mkono, wanawake wanampangia foleni kupiga naye picha, na sasa ana tangazo la magodoro.

Sasa sikilizeni, ninyi mnaoandika. Sheria ile ya 2010 haikuwaachia polisi peke yao. Mahakama ya LC, yaani baraza la serikali ya mtaa wenu, inaweza kusikiliza shauri la kipigo cha nyumbani, ikaamuru mtu aonywe, aombe radhi, alipe fidia, afanye kazi ya jamii. Likiwa zito linapelekwa kwa hakimu, na huko kuna kifungo cha hadi miaka miwili. Na mwenyekiti wa LC1 mnaye tayari! Hakuna kipindi kisicho naye, yule mlevi wa mhuri, anayedai elfu tano kabla hajasaini barua. Havai sare. Hahitaji kibali cha mtu. Mwacheni awe mlevi, mwacheni aulize kama kuna soda, lakini siku moja mpeni meza, daftari na mhuri wake, majirani wakae kwenye viti vya plastiki, mke asimame aseme. Kisha kamera imgeukie mume, na hapo ndipo ninapowaomba sana, ikae kwake. Isirukie kwa mama yake. Na kama ni lazima tucheke, basi tucheke hapo, mwanaume mzima na ndevu zake mbele ya majirani, anatafuta namna ya kueleza bafu lililompiga mkewe kofi.