San Andres na Andong: miji iliyoundwa kwa amri ya rais

Mei 24, 1959 baraza la mji wa San Narciso, mkoani Quezon nchini Ufilipino, lilipitisha Azimio Namba 8 kuomba baadhi ya vijiji vyake vijitegemee. Agosti 20 Rais Carlos Garcia akatoa Amri Namba 353: San Andres, Mangero, Alibijaban, Pansoy, Camflora na Tala, pamoja na vitongoji vyake, vikamegwa na kuwa San Andres.

Baadaye msingi huo ukatikisika. Desemba 1965, Mahakama ya Juu ilibatilisha miji 33 ambayo Rais Diosdado Macapagal aliianzisha kwa amri mwaka 1964. Kuanzisha mji ni kutunga sheria, ilisema, na hiyo ni kazi ya Bunge. Rais akiachiwa kalamu ya mipaka, diwani mkaidi atahofia kijiji chake kuhamishiwa mji mpya naye kubaki bila kiti. Hoja hii ni nzito, na San Narciso waliishika walipokwenda mahakamani Juni 1989 kudai amri ya 1959 ni batili.

Lakini walikuwa wamekaa kimya karibu miaka 30, tena juu ya jambo walilolianzisha wenyewe. Wakati huo Katiba ya 1987 ilikuwa imeshaihesabu San Andres katika jimbo la tatu la uchaguzi la Quezon. Kisha Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1991, kifungu cha 442(d), ikahalalisha miji ya amri za rais iliyokuwa na viongozi waliochaguliwa. Mwaka 1994 San Narciso wakashindwa, na kwa haki.

Andong, Lanao del Sur, ilijaribu kupita mlango huohuo ikagonga ukuta mwaka 2005. Ilikuwa kati ya ile 33, hivyo hukumu ilishaifuta, na haikuwa na viongozi waliochaguliwa. Inauma, maana kosa la kuanzishwa kwake ni lilelile la San Andres. Kilichoitenganisha zaidi ni kwamba amri ya kuianzisha Andong ilipingwa mahakamani mapema.

Ndiyo maana naona utaratibu wa sasa, pamoja na uzito wake, ni bora: sheria ya Bunge, wakazi 25,000, kilomita za mraba 50 na wastani wa mapato ya peso milioni 2.5 kwa mwaka, kwa miaka miwili mfululizo, kwa bei za 1991. Kisha kura ya maoni ndani ya siku 120, na wanaobaki katika mji mama wanapiga pia. Mwaka 1959 ombi lilikuwa la madiwani.