Majina kumi na moja kwenye karatasi ya karanga

Karanga nilizonunua Birere, hapa Goma, siku ile zilikuwa za franga 500, zimefungwa kwenye karatasi ya daftari iliyokunjwa mfano wa pembe. Nilizila nikitembea. Zilipoisha nikaikunjua karatasi ili nilambe chumvi iliyobaki, ndipo nikaona mistari. Majina kumi na moja, kila jina na namba yake ya simu, kiasi cha pesa kwa dola au kwa franga, na pembeni saini ya mwenyewe. Ilikuwa imechanwa kwenye daftari la kabine, lile ambalo wakala wa pesa za simu anakuandika kabla hajakuhesabia noti zako. Mmoja kati ya wale kumi na mmoja alikuwa ametoa dola 300. Namba yake ilisomeka vizuri kabisa, na chumvi juu yake.

Kabine ya Goma si nyumba. Ni meza ya mbao, mwavuli wenye rangi za kampuni ya simu, kiti cha plastiki na kijana mwenye simu tatu au nne. Ukija kutoa pesa anakuuliza jina, anaandika namba, anaandika kiasi, anakusogezea daftari uweke saini. Bic imefungwa kwa uzi isiibwe. Daftari lenyewe halijafungwa kwa chochote. Anayesaini anaona mistari yote ya waliomtangulia, na mimi nakiri huwa naisoma. Kwa njia hiyo niliwahi kujua kwamba mwenye nyumba wangu, aliyekuwa akiniapia kwamba hana hata franga ya kutengeneza choo, alikuwa ametoka kuchukua dola 800 asubuhi ileile.

Katika chumba cha walimu shuleni kwetu chaki inaweza kukosekana, ila mjadala wa simu haukosekani. Mwenzangu wa hesabu msimamo wake ni mmoja miaka yote. "Mimi sina cha kuficha," anasema. "Wazungu wakitaka kusikiliza simu zangu, wasikilize, watajua deni la shule ya watoto sijamaliza." Mzee wetu wa historia anamjibu kwamba simu imetuvua nguo katikati ya soko, na bado tunanunua mega za intaneti ili tuendelee kuvuliwa. Mmoja anaona maendeleo, mwingine anaona mtego, lakini wote wawili wanatazama mbali. Wanazungumzia setilaiti, Marekani, Uchina, kompyuta za watu ambao hawatafika Ndosho hata siku moja. Karatasi yangu ya karanga haikutoka huko. Ilitoka hapahapa, pengine meza ya pili kutoka kwa mama aliyeniuzia.

Haki ya simu nayo isemwe, maana ni kubwa. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia kwetu Kongo mwaka 2012. Kabla ya hapo, ukitaka kumtumia mama yako pesa Bukavu, ulitafuta mtu anayepanda boti, ukamkabidhi bahasha mbele ya mashahidi, na kabla boti haijafika ng'ambo kila aliyeketi kwenye benchi lile alijua nani katuma, kwa nani, na kwa ajili ya ugonjwa gani. Wanaosema simu imeua faragha wanaililia faragha ambayo hatukuwahi kuwa nayo. Nyumba zetu nyingi ni za mbao, zimesimama juu ya mawe ya volkano. Ukikohoa usiku, jirani anakupa pole kabla ya mkeo.

Aliyenifanya niliangalie jambo hili upya ni muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, mmoja wa soko la Kituku, mama wa makamo ambaye nanunua kwake kila Jumamosi. Yuko kwenye likelemba, mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, ya wamama kumi na wawili. Nilimuuliza kwa nini zamu yake ikifika anataka alipwe kwa simu tu, wakati noti mkononi haina makato.

"Prof, pesa ikiingia nyumbani iko na wenyewe wengi," aliniambia, huku akizoa samaki kwa kikombe cha bati. "Kuko shemeji, kuko kilio, kuko bwana na madeni yake. Ikikaa kwa simu iko na mwenyewe mumoja."

Akapiga kifundo cha kitenge kiunoni, mahali simu ilipo. Tarakimu nne, na bwana wake hazijui. Ada ya shule ya binti yake wa mwisho ilitoka kwenye tarakimu hizo. Mzee wa historia anapotuambia teknolojia inakula siri za watu, namkumbuka mama huyu, ambaye kabla ya simu hakuwa na kitu chochote cha kufungia.

Sasa mfuate mpaka kwenye kabine. Miwani hana, maandishi ya skrini ni madogo, nyuma yake kuna foleni. Anampa kijana simu: "Unifanyizie, mwanangu." Kijana anauliza kode. Mama anaitamka, tarakimu moja baada ya nyingine, watu watano wakisikia. Kilichofichwa kwa bwana mwaka mzima kinamalizwa kwa pumzi moja. Kisha anaandikwa daftarini.

Ila daftari lina watetezi wake, na siku nyingine mimi ni mmoja wao. Niliwahi kumkuta kijana mmoja akifoka kwamba ada ya mdogo wake haijafika, wakala ameila. Wakala hakubishana. Alifungua kurasa, akaweka kidole kwenye mstari: namba iliyoandikwa kwa mkono wa mteja mwenyewe, 7 mahali pa 1. Bila mstari ule wangeshikana mashati, na pale Birere wakishikana wawili wanaamuliwa na ishirini, na katika ishirini hao watatu wanaondoka na simu za meza.

Halafu kuna mwaka 2025. Mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari, benki zilifunga milango. Noti zikawa adimu, zilizobaki zikachakaa mpaka wauzaji wakazikataa, na mawakala wakaanza kukata chao juu ya makato ya kawaida. Tulinung'unika sana. Lakini ndugu aliyekuwa Kinshasa au Nairobi, njia yake ya kutufikishia kitu ilipita kwa kijana mwenye mwavuli. Nyumba yangu ilipika kwa njia hiyo, kwa hiyo mtu anayeniambia kabine zifungwe kwa sababu zinavujisha siri, mimi humuuliza kwanza mwezi wa pili wa mwaka ule yeye alikula nini.

Mlima nao uko kwenye hesabu hii. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, lava ikashuka mpaka Buhene, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Mwaka 2002, lava ilipopita katikati ya mji, habari ilikwenda kwa midomo na redio. Safari hii ilikwenda kwa WhatsApp. Usiku ule nilipokea odio baada ya odio za watu wasiojitaja majina, kila mmoja akijua lava itapita avenyu gani, na mmoja akiapa kwamba ziwa litapasuka kabla ya alfajiri. Odio hizo zilitutoa nyumbani mapema. Pia zilitutoa kwa vurugu, na watoto wengi walipotezana na wazazi wao njiani. Hapo mizani yangu inayumba na siwezi kuilazimisha. Kinachonikera ni kitu kingine. Miezi kadhaa kabla ya mlipuko ule, OVG, kituo kinachochunguza volkano zetu, kilikosa intaneti baada ya ufadhili kumalizika, na vipimo vilivyotakiwa kutoka mlimani kwa njia hiyo vikakosa pa kupita. Sisi tuliolala chini ya mlima tulikuwa na mega za kuangalia mpira wa Ulaya.

Nirudi kwa mwenzangu wa hesabu. "Sina cha kuficha" ni sentensi isiyomalizika, kwa sababu haisemi unamficha nani. Kwenye mji uliotulia labda inatosha. Goma ilitekwa na M23 Novemba 2012 kwa siku chache, ikatekwa tena Januari 2025, na wazee wanakumbuka wengine waliopita kabla ya hapo. Kila anayekuja anakuta karatasi alizoziacha aliyeondoka. Ukisajili laini ya simu unatoa kadi ya mpiga kura, maana kitambulisho cha taifa wengi wetu hatuna, na kadi ile inasema jina lako na mahali ulipozaliwa. Hapa Kivu, jina na mahali pa kuzaliwa vinamtosha mtu mbaya kuamua wewe ni nani, bila kukuuliza neno la tatu.

Kijana wa jirani yangu, kabla ya kusafiri kwenda Sake, anaketi kitandani na kufuta picha. Nilidhani anafuta mambo ya ujana. Alinionyesha moja kabla hajaifuta: harusi, keki, maharusi wanacheka, na pembeni binamu mmoja amevaa magwanda. Siku ilipopigwa ilikuwa picha ya harusi tu; njiani, mwenye bunduki anaweza kuisoma vingine. Mwenzangu wa hesabu nilipomsimulia hili alinyamaza kidogo, kisha akasema yeye hana binamu askari. Nikamwambia asubiri, binamu zake wengine bado wako shule ya msingi.

Serikali nayo, kila ilipogusa simu zetu, ilimpa mzee wa historia cha kusema. Intaneti ilikatwa nchi nzima tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, ikarudi baada ya siku kama ishirini. Mwaka 2020 ikaja RAM, rejista ya simu ambayo tuliambiwa itapambana na wizi na simu bandia. Tulichokiona sisi ni unite za simu zikikatwa, dola 7 kwa mwaka kwa mwenye simu ya kisasa, mpaka ilipofutwa mwaka 2022 baada ya kelele nyingi. Sheria ya kulinda data za mtu ipo, ndani ya Kanuni ya Kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023. Naifurahia. Ila chini ya mwavuli sijamsikia mtu akiitaja.

Ndiyo maana, nikiulizwa, huwa sichagui kati ya wenzangu wawili. Simu ibaki, pesa za simu zibaki, na daftari pia libaki, kwa sababu ya 7 na 1. Ninachokataa ni ukurasa kuachwa wazi kwa kila anayesaini, na ukurasa uliojaa kuuzwa kwa kilo. Hapo hatuhitaji kungoja Kinshasa wala Marekani.

Nilimpelekea kijana wa kabine yangu ile karatasi ya karanga.

"Iyi si yangu, Prof. Yangu mi nazichomaka."

Chini ya kiti chake yalionekana madaftari mawili ya zamani, yamefungwa kwa kamba, tayari kupelekwa mahali. Akafuata macho yangu, akacheka. Akanieleza kwamba bosi anayataka mpaka hesabu ya mwezi ifungwe, na baada ya hapo hayana mwenyewe. Wamama wa karanga na wa mandazi wanalipa vizuri kuliko moto. Kwa maisha yake, simlaumu. Tukaelewana jambo dogo: nitayanunua mimi yale mawili kwa bei ya wamama, na yeye atafunika mistari ya juu kwa kipande cha karatoni mteja anaposaini.

Karatoni ilikaa. Siku ya kwanza, aliniambia, wateja watatu walimgombeza wakitaka kujua anaficha nini. Mama wa sambaza peke yake ndiye hakuuliza. Aliisogeza karatoni kwa kidole mpaka ikafunika na mstari wake mwenyewe, akachukua noti zake, akaenda. Kode bado anaitamka kwa sauti. Hilo nimejaribu kumwambia mara mbili, na mara zote mbili alinijibu kwamba kijana yule ni mwanawe.

Ile karatasi yenye majina kumi na moja nilikaa nayo wiki nzima mfukoni. Niliona ni haki kuwaonya wenyewe, hata yule wa dola 300 nikaanza kumpigia. Iliita mara moja, nikakata. Ningeanzaje? "Habari yako, hatujuani, lakini niko na namba yako na najua ulitoa pesa ngapi." Hivyo ndivyo wanavyoanza wale wanaotupigia kila siku wakidai wamekosea kutuma pesa na wanaomba tuwarudishie. Angekata, na angekuwa na haki ya kukata.

Jioni niliiweka kwenye jiko la mbabula, chini ya makaa, nikapuliza. Haikuwaka haraka, kwa sababu ya mafuta ya karanga ilitoa moshi kwanza. Dakika chache baadaye simu yangu ikaita. Alikuwa yeye, akitaka kujua nani amempigia.