Funika Maelezo ya Ukutani Kwanza: Kuhusu Picha Zinazodai Kuchunguza Wakati na Fahamu

Kuna aina ya picha iliyoenea sana miaka hii. Turubai kubwa, miduara inayopishana, nyuzi za rangi zinazoelea kama galaksi, pengine jicho moja katikati au uso unaogeuka moshi. Pembeni yake pana maelezo yaliyobandikwa ukutani: mchoraji anachunguza fizikia ya kwanta (ile ya chembe ndogo kabisa), asili ya wakati na fahamu ya binadamu. Neno linalonisumbua ni hilo "anachunguza". Je, rangi juu ya kitambaa inaweza kuchunguza mambo hayo, au imeazima tu msamiati wa maabara ili ionekane nzito?

Wanasayansi wengi hujibu upesi kwamba ni kuazima. Wapenzi wa sanaa nao hujibu upesi kwamba sanaa haihitaji kibali cha maabara. Majibu yote mawili hutolewa kabla mtu hajaitazama picha yenyewe, na hilo ndilo linalonikera.

Tuanze na picha ambayo karibu kila mtu ameiona: saa laini za mchoraji Mhispania Salvador Dalí, za mwaka 1931. Ni picha ndogo mno, sentimita 24 kwa 33, na tangu 1934 ni mali ya Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York. Kwa msomaji wa Kiswahili ina utamu wa ziada, maana kwetu "saa" ni chombo na ni kipindi kwa pamoja. Kinachoning'inia juu ya tawi kama nguo iliyoanikwa ni chombo, na pia ni ile saa moja ya maisha inayopita. Wahenga walituambia wakati ni ukuta. Dalí aliufanya nta.

Maelezo yanayorudiwa kila mahali ni kwamba picha hii inaonyesha nadharia ya uhusianifu ya Einstein, isemayo kwamba wakati hauendi kwa mwendo mmoja kila mahali. Hapa mwanafizikia ana haki ya kulalamika. Katika uhusianifu saa hailegei. Aliye karibu na saa yake huiona ikienda sawasawa, sekunde kwa sekunde, popote alipo. Tofauti hujitokeza pale tu saa mbili zilizopita njia mbalimbali zinapolinganishwa, na tofauti hiyo ina hesabu kamili. Saa za setilaiti za GPS hutangulia zile za ardhini kwa takriban mikrosekunde 38 kwa siku, na mfumo mzima umerekebishwa kwa ajili hiyo. Mwaka 2010 watafiti wa NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani, waliinua saa moja ya atomu kwa sentimita 33 tu kuizidi nyingine, wakapima kwamba ya juu ilikwenda kasi zaidi. Sentimita 33 ndio upana wa picha ya Dalí. Isimamishe kwa ubavu wake, na wakati wa ukingo wa juu hautakwenda sawa na wa ukingo wa chini, wala hapana kitakachoyeyuka.

Dalí mwenyewe, alipoulizwa na mwanakemia Ilya Prigogine kama saa zile zilitoka kwa Einstein, alijibu kwamba zilitokana na jibini ya Camembert iliyokuwa ikiyeyuka juani. Mtu anaweza kulichukua jibu hilo kuwa ushindi wa mwanasayansi. Mimi naliona vingine. Itazame tena picha: lile umbo jeupe lililolala chini, lenye kope ndefu, ni uso wa mtu aliyefumba jicho. Wakati uliochorwa pale ni wa mtu aliyelala, na wakati wa usingizini kweli hauna uti wa mgongo. Unaota safari ya siku nzima, unaamka, kumbe dakika kumi tu zimepita. Picha haikukosea. Kilichokosea ni maelezo yaliyobandikwa baadaye.

Ukweli ni kwamba usurialisti, mkondo wa sanaa aliokuwamo Dalí, ulizaliwa karibu na wodi ya wagonjwa kuliko karibu na maabara ya fizikia. André Breton, aliyeandika ilani yake ya kwanza mwaka 1924, alikuwa amesomea udaktari, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alihudumia askari waliovurugika akili. Kutokana na hayo, na kutokana na Freud, daktari aliyefasiri ndoto, kundi lake lilikuja na dai kubwa: kwamba mtu akiandika au kuchora bila kuiruhusu akili imsimamie, atachota moja kwa moja kutoka katika fahamu iliyofichika. Freud hakushawishika sana. Alipokutana na Dalí mjini London mwaka 1938, alimwandikia mwandishi Stefan Zweig kwamba hadi siku ile alikuwa akiwaona wasurialisti kuwa wapumbavu kabisa, ila kijana yule Mhispania alimfanya afikiri upya. Na Dalí alisimulia kwamba mzee yule alimwambia jambo moja zaidi: katika picha za mabingwa wa zamani yeye hutafuta kilichofichika, lakini katika picha za wasurialisti hutafuta kilicho wazi akilini.

Kauli hiyo bado inauma. Maana yake ni kwamba anayejua mapema alama za ndoto, akazipanga juu ya turubai moja baada ya nyingine, haoti tena, anapamba. Na leo pambo hilo limezagaa. Jicho linaloelea, ngazi isiyofika kokote, yai lililopasuka, saa ya mchanga, ubongo unaochanua kama mti. Mtazamaji huzisoma kama asomavyo alama za barabarani, kisha huyo, anakwenda zake. Mtu akiniambia kwamba picha ya namna hiyo inachunguza fahamu, sikubali. Inaitaja tu.

Upande wa sanaa dhahania, ile isiyochora vitu vinavyotambulika, mambo yana utata zaidi, nami nimechukua muda kuamua. Mchoraji Wassily Kandinsky aliandika mwaka 1913 kwamba habari za kuvunjwa kwa atomu zilikuwa kwake kama kuporomoka kwa ulimwengu mzima. Hilma af Klint wa Sweden alianza mwaka 1906 mfululizo uliofikia picha 193, na mwaka 1917 akachora mwingine kuhusu atomu yenyewe. Wote wawili walikuwa watu wa kizazi kilichoshtushwa na eksirei, iliyogunduliwa mwaka 1895. Ghafla vitu visivyoonekana vilikuwa vimethibitishwa kuwapo, na kutoka kwenye miale isiyoonekana hadi kwenye roho zisizoonekana waliona ni hatua moja tu. Kisayansi walipotea njia. Lakini simama mbele ya picha kubwa za af Klint, zile konokono za rangi zinazofunguka na kujifunga, uone kama kupotea huko kumezipunguzia chochote. Maonyesho yake katika jumba la Guggenheim, New York, mwaka 2018 na 2019 yalivuta watu zaidi ya 600,000, na sidhani kama walikwenda kujifunza fizikia.

Kwa hiyo sayansi potofu haiharibu picha nzuri. Hapo natofautiana na mwanafizikia anayekagua kila turubai kama anayesahihisha mtihani. Lakini af Klint alikuwa na udhuru: alipoanza, hata kiini cha atomu kilikuwa hakijatangazwa. Mwanafizikia Rutherford alifanya hivyo mwaka 1911. Mchoraji wa leo anayetumia neno "kwanta" akimaanisha muujiza, au "nishati" akimaanisha hisia zake za asubuhi, hana udhuru huo. Wako pia wanaosimulia kwamba Picasso alivunja umbo mwaka 1907 kwa sababu Einstein alivunja wakati mwaka 1905, na tarehe zenyewe zinawasuta: umma haukumjua Einstein mpaka vipimo vya kupatwa kwa jua vya Mei 1919. Wakati ule wasanii wa Paris walikuwa wakizungumzia dimensheni ya nne ya anga, yaani upande wa nne zaidi ya urefu, upana na kina, jiometri ya karne ya 19, si wakati wa Einstein.

Sayansi nayo imewahi kuvuka mpaka kuja upande huu, na kisa chake kinafundisha. Mwaka 1999 mwanafizikia Richard Taylor na wenzake walichapisha katika jarida la Nature hoja kwamba michirizi ya rangi ya mchoraji Mmarekani Jackson Pollock ni fraktali: ukiikaribia, sehemu ndogo inafanana na sehemu kubwa, kama matawi ya mti, mawingu au ukingo wa pwani. Ilikuwa habari tamu. Mtu aliyemwaga rangi kwenye turubai lililotandazwa sakafuni alikuwa amegusa muundo wa maumbile miongo kadhaa kabla mwanahisabati Mandelbrot hajaupa jina mwaka 1975. Mwaka 2006 Katherine Jones-Smith na Harsh Mathur wakajibu katika jarida hilohilo. Kati ya tone dogo kabisa na turubai lote, walisema, nafasi ya kupimia ni finyu mno kwa mtu kudai fraktali, na michoro rahisi ya nyota waliyoichora wenyewe ilifaulu kipimo kilekile. Miaka hiyohiyo palikuwa na ubishi juu ya picha zilizogunduliwa ghalani zikidaiwa kuwa za Pollock. Mwaka 2007 wataalamu wa Harvard walitangaza kwamba baadhi yake zina rangi ambazo hazikuwa zimepatikana alipokufa mwaka 1956. Hoja nzito haikutoka kwenye jiometri, ilitoka kwenye kemia ya rangi.

Tuseme Taylor angeshinda moja kwa moja. Tungejua nini zaidi? Tungejua kwamba michirizi ya Pollock ina sifa fulani ya kihesabu. Matawi ya mti yana sifa hiyo pia, wala hatusimami mbele ya kila mti nusu saa nzima. Sababu ya picha kumshika mtu bado ingekuwa pale pale, haijaguswa.

Tukija kwenye fahamu, mchoraji anapata nafasi asiyoipata kwingine, kwa sababu wanasayansi wenyewe bado wanapapasa. Mwaka 1998 mtafiti wa ubongo Christof Koch aliweka dau na mwanafalsafa David Chalmers kwamba ndani ya miaka 25 chanzo cha fahamu katika ubongo kitakuwa kimejulikana wazi. Mwaka 2023 Koch alikubali kushindwa, akatoa kasha la mvinyo. Kiswahili kinasema "mishipa ya fahamu" kana kwamba jambo limekwisha, huku kikisema pia kwamba mtu amepoteza fahamu, kisha fahamu zikamrudia, kama mgeni anayetoka na kuingia. Misemo yote miwili ni kweli, na hakuna ajuaye inavyoungana.

Ndiyo maana namheshimu mchoraji Mwingereza Bridget Riley kuliko mamia ya wachora ubongo. Mwaka 1961 alichora miraba myeusi na myeupe, safu kwa safu, inayozidi kubanwa kadiri inavyokaribia mstari mmoja, kisha inaanza kupanuka tena. Hakuna jicho, hakuna galaksi. Lakini uso wa picha unakunjika na kuzama mbele yako. Unajua ni bapa, na kujua hakusaidii. Kwa dakika chache unaona ndani yako mwenyewe kwamba kujua na kuona ni kazi mbili tofauti, zinazoweza kugombana. Hilo si kuitaja fahamu. Hilo ni kuigusa ikiwa kazini.

Kuhusu wakati, wa kumtaja ni mchoraji Roman Opałka wa Poland. Mwaka 1965, kwa brashi nyembamba na rangi nyeupe, aliandika namba 1 kwenye kona ya juu kushoto ya turubai jeusi, ikafuata 2, kisha 3, na hakuacha. Turubai likijaa huanza jingine, la ukubwa uleule, sentimita 196 kwa 135. Alipofika milioni moja, mwaka 1972, akaanza kuiongezea rangi ya nyuma asilimia moja ya weupe kwa kila turubai jipya, ili siku moja aandike nyeupe juu ya nyeupe. Akajirekodi akizitamka namba kwa Kipolandi, na baada ya kazi akajipiga picha ya uso, siku baada ya siku. Ukisimama mbali unaona ukungu wa kijivu unaopumua, kwa sababu brashi huanza na rangi nzito, hufifia, huchovywa tena. Ukisogea unajikuta unasoma namba, na kila namba imechukua muda wako kama ilivyochukua wake. Alifariki mwaka 2011 akiwa amefika 5,607,249.

Hivyo nikajiwekea kipimo: funika maelezo ya ukutani, usahau kichwa cha picha, kisha uone kama bado kuna kinachotokea kwa wakati wako au kwa fahamu yako. Riley anapita. Opałka anapita. Tauba Auerbach, ambaye kuanzia mwaka 2009 alikunja turubai, akalipulizia rangi kutoka pembeni, kisha akalinyoosha kabisa, anapita vizuri: macho yanaapa kwamba kitambaa bado kimekunjwa, na unachokiona ni dakika iliyokwisha pita. Saa za Dalí nazo zinapita, mradi tumuache Einstein. Sehemu kubwa ya picha za galaksi na ubongo haipiti.

Kuna mtu mmoja anayekivuruga kipimo hiki, nami nimeshindwa kumweka pembeni. Remedios Varo alizaliwa Hispania mwaka 1908, akahamia Mexico mwaka 1941, na picha zake zimejaa alama na hadithi, vitu vilevile nilivyovilalamikia. Mwaka 1955 alichora mtengeneza saa aliyezungukwa na saa ndefu zinazoonyesha wakati uleule, na ndani ya kila moja mtu yuleyule amevaa mavazi ya zama nyingine. Kisahani kinachozunguka kinaingia dirishani, na fundi anainua uso. Mwaka 1963, ambao ndio aliofariki, alichora mnajimu, yaani mtaalamu wa sayansi ya nyota na sayari, ambaye Dunia imemponyoka, imeacha mhimili wake inaelea. Nadhani anafaulu kwa sababu hachori ugunduzi. Anamchora anayegundua, katika ile nukta ambayo alichokuwa akikijua kimekwisha kuanguka na kipya hakijapata mahali pa kukaa. Chumba kimegawanyika vyumba viwili vilivyopishana kwa mshazari, na yule mnajimu anajaribu kusimama, mguu wa kushoto katika kimoja, wa kulia katika kingine.