Fundi, usiniondolee fyuzi ya joto!

Jamani mafundi wa hapa Unguja, hili linaniudhi kweli. Mtu ana mashine kongwe ya kukaushia nguo, imekuja na kontena la mitumba, chuma chake kizito, mota bado nzima. Ukiibadilishia mkanda, ukasugua kutu ya hewa ya chumvi, itakufaa masika yote, wakati nguo za watoto zinanuka uvundo kambani. Lakini mpe fundi! Anakuta fyuzi ya joto, ile inayokata umeme mashine ikipata joto kupita kiasi, imekatika; anaing'oa na kuunganisha waya moja kwa moja. "Tayari, inafanya kazi." Na nyumba ikiungua, je?

Fyuzi ile haikatiki bure. Mara nyingi njia ya kutolea hewa imezibwa na vumbi la nyuzi za nguo, joto halina pa kutokea, na nyuzi kavu zile hushika moto upesi mno. Sasa fikiria Mji Mkongwe: dari za boriti, nyumba zimeegemeana, vichochoro ambavyo gari la zimamoto haliingii.

Safisha njia ya hewa kwanza, kisha weka fyuzi mpya. Kipuri chenyewe kidogo tu. Kikikosekana sokoni Darajani, niambie kiagizwe. Nitasubiri.