Punguzo limekwisha, hesabu bado

Ruzuku inapoanza, mawaziri hupanga foleni kuitangaza. Inapofika wakati wa kufunga vitabu vyake, humwoni hata mpiga picha mmoja. Lakini mimi naona hapo ndipo fedha za umma huponea au hupotelea.

Uingereza imeyapitia haya. Bei za nishati zilipopaa, serikali iliwasaidia wafanyabiashara, mashule na mashirika ya hisani kuanzia Oktoba 2022 hadi Machi 2023. Kisha, kuanzia 1 Aprili 2023 hadi 31 Machi 2024, ukaja mpango mwembamba zaidi: punguzo la kawaida halikuzidi pauni 19.61 kwa megawati-saa (yaani uniti 1,000) ya umeme, na pauni 6.97 kwa ya gesi. Mteja hakupewa kitu mkononi. Kampuni inayomuuzia nishati ilipunguza bili, halafu ikaidai serikali kiasi kilekile.

Kwa maneno hivyo, ni jambo jepesi. Tatizo ni mita.

Bili nyingi hutolewa kwa makadirio. Tuseme kampuni ilikadiria mteja ametumia megawati-saa 10, ikadai punguzo la juu kabisa, yaani pauni 196.10. Miezi kadhaa baadaye mita inasomwa, kumbe zilikuwa 7. Pauni 58.83 si za kampuni tena. Makadirio yakiwa chini ya matumizi halisi, serikali ndiyo inayodaiwa. Zidisha hayo kwa maelfu ya mita, uongeze viwanda vinavyokula nishati nyingi, ambavyo vilikuwa na punguzo lao kubwa zaidi na vikahitaji kwanza cheti cha kuthibitisha kwamba vinalistahili. Cheti kikichelewa, bili za nyuma zote hufumuliwa.

Kwa hiyo siungi mkono wanaosema kila dai ambalo kampuni inaipelekea serikali kwa kuchelewa ni la ujanja. Katika soko la umeme la Uingereza, hesabu za siku moja zimekuwa zikirekebishwa hadi miezi 14 baadaye. Huwezi kumlaumu mtu kwa namba ambayo mita yenyewe ilikuwa haijaitamka.

Ninachokataa ni mlango wa marekebisho kuachwa wazi pande zote mbili kwa usawa. Kampuni haihitaji kukumbushwa ikiwa inadai nyongeza. Ina wahasibu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Kurudisha kilichozidi ndiko kunakohitaji kusukumwa. Kwangu, tarehe ya mwisho ya kudai nyongeza ingeandikwa tangu mpango unazaliwa, ikilingana na mzunguko wa kusoma mita. Ikipita, imepita. Ila wajibu wa kurudisha usife siku hiyo. Ukaguzi ukigundua ziada baada ya miaka miwili, irudi.

Mtasema ni uonevu. Lakini fedha hizo hazikuwa mapato ya kampuni hata siku moja. Ilikuwa tarishi tu. Tangu katikati ya 2021, kampuni karibu 30 za nishati zilianguka nchini humo, na kampuni iliyokufa huna pa kuidai isipokuwa kwa mfilisi, ukisubiri zamu yako pamoja na wadai wengine.

Yupo pia mteja aliyefunga duka katikati ya mpango. Mita yake ikisahihishwa na ikaonekana alistahili punguzo zaidi, kampuni italidai serikalini. Nani atakwenda kumtafuta huyo mtu ampe chake? Hapo ningetaka kuona stakabadhi kwanza, ndipo dai lilipwe.