Verity Lambert: alibebwa, sawa, alafu?

Kwenye vibanda vya kuediti video za harusi na sendofu hapa Mwanjelwa mabinti wapo siku hizi, ila uliza nani anashika bajeti, nani anaamua kamera ngapi ziende Tukuyu jumamosi, utaonyeshwa kaka mmoja hivi. Na siku binti akipewa nafasi hiyo utasikia tu, huyo kabebwa. Verity Lambert, prodyuza wa tivii wa Uingereza, naye maneno hayo hayakumpita, na mi nadhani kesi yake tuipime vizuri bila ushabiki.

Mwaka 1963 BBC walimkabidhi Doctor Who, tamthilia mpya ya mtu anayesafiri kwenye wakati, akiwa na miaka 27, prodyuza mdogo kuliko wote na mwanamke pekee kwenye idara ya drama, na hajawahi kuwa prodyuza popote. Aliyemwita ni Sydney Newman, Mkanada aliyekuwa bosi wake ABC, kampuni ya tivii ya hukohuko Uingereza, kabla hajahamia BBC. Kwahiyo wanaosema alibebwa wana hoja, tusijifanye hatuoni. Tena hakutoka familia ya kuungaunga, alisoma Roedean, shule ya wenye nazo, akakaa mwaka chuo cha Sorbonne kule Paris, kazi ya kwanza ilikuwa kuchapa menyu za hoteli na walikipenda Kifaransa chake. Binti wa Makambako mwenye akili ileile hata mapokezi asingefika.

Haya, upande wa pili. Novemba 1958 ABC walikuwa wanarusha tamthilia laivu, muigizaji mmoja akafariki katikati ya kipindi, yaani kweli kafariki na watu wako hewani. Direkta Ted Kotcheff ikabidi ashuke studio kuwapanga upya waigizaji, na Lambert, msaidizi tu, ndo akabaki chumba cha mitambo anaongoza kamera mpaka mwisho. Newman ndo alikuwa mkuu wa drama pale, sasa mtu kama huyo ukimkumbuka miaka mitano baadaye umembeba au umetumia akili?

Alafu kuna kitu wanaolalamika hawakigusi, huyohuyo bosi aliyembeba alikuwa kakataza mazimwi ya macho kodo kwenye Doctor Who. Lambert akaleta Daleks, maadui wa kutisha wa ndani ya magamba ya chuma, Newman akachukia kwelikweli, mama akakomaa, Desemba 1963 yakatoka hewani na ndo yakaifanya Uingereza nzima ikae mbele ya tivii. Mtu wa kubebwa kwa kawaida huwa anaitikia ndio bosi.

Ila mashabiki wake nao wanapitiliza, wanaongea kama vile kila alichogusa kilikuwa dhahabu. Mwaka 1992 kampuni yake ya Cinema Verity iliwatengenezea BBC Eldorado, tamthilia ya Waingereza wanaoishi Hispania, ikakimbizwa hewani haijaiva na mwaka uliofuata ikafungwa. Wanaume wameshafeli vibaya kuliko hapo na hakuna aliyetaja jinsia yao, kweli kabisa, lakini yeye ndo alikuwa mwenye kampuni na lawama lazima zimfike, huwezi kudai cheo alafu ukakimbia hasara yake.

Swali gumu kwangu ni kama baada ya kupita aliacha mlango wazi, maana mwanamke mmoja juu na wengine wote wanapiga taipu hayo sio mabadiliko. Hapa namtazama zaidi miaka ya Euston Films, kampuni iliyokuwa chini yake, ambayo mwaka 1983 ilitoa tamthilia ya Widows, wajane wa majambazi wanaoamua kupiga tukio wenyewe. Mwandishi alikuwa Lynda La Plante, muigizaji tu ambaye hakuwa na jina kwenye uandishi, akapewa kazi nzima, na baadaye akaja kuandika tamthilia ya Prime Suspect. Hiyo ndo namhesabia maksi nyingi kuliko hata Daleks, japo wengi wanaomsifu hawaisemi kabisa.