Nani alinyimwa mihadhara ya Berkeley?

Machi 2017, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilianza kuondoa hadharani rekodi zaidi ya 20,000 za mihadhara ambayo mtu yeyote mwenye intaneti alikuwa akiitazama bure. Haikufutwa, iliwekwa nyuma ya nywila, ibaki kwa watu wa chuo. Malalamiko yakawa mengi, na vidole vikaelekezwa kwa viziwi: wawili wamenung'unika, dunia nzima imekosa. Hoja hiyo bado inarudi kila inapotajwa sheria ya ulemavu na vyuo, na ina ukweli wa kutosha kumpotosha mtu.

Kisa chenyewe kilianza na watumishi wawili viziwi wa Chuo Kikuu cha Gallaudet, kile cha viziwi kilichoko Washington. Kupitia Chama cha Kitaifa cha Viziwi cha Marekani, walilalamika kwamba hawawezi kuifuata mihadhara ya Berkeley. Agosti 2016 Wizara ya Sheria ya Marekani ikakiandikia chuo barua ndefu. Video nyingi hazikuwa na manukuu, yaani yale maandishi yapitayo chini ya picha, au zilikuwa na manukuu ya mashine yaliyojaa makosa. Nyaraka ziliwekwa kwa namna ambayo programu ya kusoma skrini, inayomsomea asiyeona kwa sauti, haikuweza kuzitambua. Michoro haikuwa na maelezo, na maandishi mengine yalikuwa na rangi hafifu mno kwa mwenye uoni mdogo. Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu ya 1990 inavibana vyuo vya umma hata pale huduma inapotolewa bure.

Tuwasikilize kwanza wakubwa wa chuo, maana hesabu yao si ya kubeza. Tuchukulie kila mhadhara una dakika 50. Mihadhara 20,000 inafika dakika milioni moja. Mtu akilipwa hata dola moja tu kwa dakika kuandika na kusahihisha manukuu, hiyo ni dola milioni moja, na bado hujagusa slaidi wala milinganyo ya hisabati iliyobandikwa kama picha. Mashine peke yake haitoshi: katika somo la kemia, neno moja likisikika vibaya, dawa inageuka sumu. Isitoshe, tangu 2015 Berkeley ilikuwa imeshaacha kurekodi mihadhara mipya kwa ajili ya umma kwa sababu ya ufinyu wa bajeti. Sasa fedha ziende kwenye ghala la zamani, au kwa mwanafunzi asiyeona aliyeko darasani leo? Hilo ni swali halali, na ningekuwa mkuu wa chuo lingeninyima usingizi.

Lakini kuna mambo ambayo hoja hiyo huyaruka. Sheria yenyewe imeacha mlango: taasisi ikithibitisha kwamba gharama ni mzigo usiobebeka, halazimishwi mtu. Mzigo wa Berkeley haukuwahi kupimwa na hakimu yeyote, kwa kuwa chuo kilizifunga rekodi kabla ya kufika huko. Tena, katika kueleza uamuzi wake, chuo kilitaja pia kulinda kazi za wahadhiri wake dhidi ya wanaozinakili bila ruhusa. Kwa hiyo manukuu hayakuwa sababu pekee, ingawa lawama zote walibebeshwa viziwi.

Na kinachoniuma zaidi ni mahali penyewe. Mwaka 1962 Ed Roberts, aliyepooza kwa polio na kuhitaji mashine ya kumsaidia kupumua, aliingia Berkeley na kulazwa katika hospitali ya chuo, kwa kuwa hapakuwa na bweni la kumfaa. Yeye na wenzake walioishi naye pale ndio walioanzisha harakati za kujitegemea kwa watu wenye ulemavu, na mwaka 1972 kikazaliwa Kituo cha Maisha ya Kujitegemea katika mji huohuo. Chuo kinachojivunia historia hiyo kilikuwa na miaka mingi ya kujua kwamba kiziwi naye atataka kutazama.

Harvard na MIT walishtakiwa na chama hichohicho cha viziwi Februari 2015. Walipinga mahakamani kwa miaka kadhaa, kisha wakakubaliana nacho, Harvard mwishoni mwa 2019 na MIT mapema 2020, kwamba wataweka manukuu. Mihadhara yao ikabaki wazi. Ni kweli, hivyo ni vyuo binafsi vyenye hazina nene. Lakini Berkeley nayo ilifika palepale: Novemba 2022 ilikubaliana na Wizara kurekebisha maudhui yake ya mtandaoni.

Kwangu mimi kosa lilikuwa kungoja. Manukuu ya mhadhara mmoja, wiki ileile uliporekodiwa, ni kazi ya jioni moja. Ya mihadhara 20,000 kwa mpigo ni balaa, na anayelilalamikia balaa hilo ndiye aliyelilimbikiza. Hapo naona kanuni za Marekani za Aprili 2024, kuhusu maudhui ya mtandaoni ya taasisi za umma, zimejifunza kitu: zinatoa nafuu kwa kumbukumbu za zamani zilizotengwa, zisizobadilishwa tena, lakini hazikutoa nafuu kwa masomo yaliyofichwa nyuma ya nywila. Rasimu ya awali ilitaka kuyasamehe. Watetezi wa watu wenye ulemavu walipinga, na walikuwa na haki, maana mwanafunzi anafeli mtihani kwa noti za muhula huu.

Wanaoathirika si viziwi tu. Sisi tuliojifunza Kiingereza shuleni mara nyingi tunakisoma vizuri kuliko tunavyokisikia kikitoka kwa profesa wa California anayeongea mbiombio. Manukuu yangetufaa. Na huku kwetu, mhadhiri anayepiga picha kurasa za kitabu kwa simu na kuzituma kwenye kundi la darasa amemfungia nje mwanafunzi asiyeona, bila hata kujua, kwa sababu programu yake inakutana na picha isiyo na neno.

Rekodi za Berkeley, kwa njia, hazikupotea. Kampuni ya LBRY, iliyokuwa ikisambaza video mtandaoni, iliwahi kuzinakili na kuziweka wazi tena, na wengi wakashangilia. Ziliwekwa kama zilivyokuwa.